Historia ya Marehemu Mjumbe, Aliyelikataa Ombi la Dada Yake

Ndugu waombolezaji, majirani wetu wa nyuma ya kituo cha mafuta, wajumbe wa kamati, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, historia hii inasomwa na dada yake mkubwa marehemu, mwalimu mstaafu, ambaye mnamjua kwa kusema sana, lakini leo amepewa kurasa mbili tu na ameahidi kutozitoka.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, alfajiri, katika wodi ya wazazi ya hospitali ya serikali, akiwa mtoto wa tatu na kitinda mimba wa fundi cherehani na karani wa posta, ambao wote wametangulia mbele ya haki. Daktari alimtazama macho na viganja, akawaambia wazazi kwamba mtoto amezaliwa na ulemavu wa akili na wasitegemee afike miaka kumi, maneno ambayo baba aliyapokea kwa heshima, akashukuru, akarudi nyumbani na kumkatia kaptura ya shule ya mtoto wa miaka saba.

Kuhusu elimu, mwaka 1978 mwalimu mkuu wa shule ya jirani alisema hana darasa la watoto wa namna hiyo, na kaptura ikakaa sandukuni hadi Januari 1984, alipotokea mwalimu mmoja kijana aliyetoa majembe na ndoo katika stoo ya shule, akaingiza madawati matano na kuanzisha darasa la watoto tisa. Marehemu alikuwa na miaka kumi na miwili, akashonewa kaptura nyingine, akaketishwa dawati moja na binti wa mwashi, ambaye mwaka mzima wa kwanza hakusema na mtu yeyote ila yeye. Alimaliza Novemba 1990 bila cheti, akijua kuandika jina lake, kusoma saa, na kusoma namba ya geti lolote mjini.

Kazi aliianzia dukani kwa baba, akichambua vifungo kwa ukubwa, na kuanzia mwaka 1992 akawa mpeleka nguo kwa wateja, kwa miguu, jua na mvua, na kwa miaka yote hiyo hakupeleka mzigo nyumba isiyo yake, isipokuwa gauni moja la bibi harusi lililolala kwa mzee mmoja mseja, na mpaka leo hatujui nani aliingiwa na hofu zaidi, mzee au bibi harusi.

Tarehe 2 Juni 2009, ulipofunguliwa ghorofani juu ya duka la dawa ule mfuko wa ruzuku ndogo kwa miradi ya watu wenye ulemavu wa akili, kanuni zilitaka mmoja wa wajumbe watano wa kamati awe na ulemavu huo, akachaguliwa yeye, na ndipo alipopata jina la Mjumbe. Miezi ya mwanzo alipewa soda na kuonyeshwa pa kutia sahihi. Kisha asubuhi moja ya Februari 2010 mwombaji mmoja mwenye viatu vinavyong'aa alitandaza michoro ya mradi, akaeleza nusu saa nzima, marehemu akaweka soda chini, akachungulia mlangoni nyuma ya yule bwana, akauliza, "Mwenyewe yuko wapi?" Walidhani anamtafuta mwenye jengo, katibu akaanza kumweleza, naye akarudia swali lake polepole hadi wakaelewa kwamba anamtafuta yule ambaye mradi unafanywa kwa ajili yake, na hakuwapo. Tangu siku hiyo hakuna ombi lililosomwa katika kamati ile kabla mhusika hajaingia na kuulizwa kwa kinywa chake.

Tarehe 6 Agosti 2012 dada yake, huyu anayesoma, alipeleka ombi la kurasa kumi na moja la kujenga kituo cha kusukia mikeka uani kwetu, na nia yake, hataificha leo, ilikuwa mdogo wake aache kuzunguka barabarani kwenye magari, kwa kuwa mama alikuwa ameshafariki na yeye hakuwa akipata usingizi kwa wasiwasi. Marehemu aliuliza swali lake, dada akacheka na kumwambia, "Mwenyewe si ndiye wewe!" naye akafikiri kidogo, akajibu, "Mimi nina kazi, dada," akanyoosha mkono kukataa, na wengine wakamfuata.

Dada alinuna wiki tatu, na katika wiki hizo marehemu alikula vizuri, alilala vizuri, na kila jioni alimuuliza kama tumbo bado linamuuma. Wiki ya nne ndipo dada alipoketi naye na kumuuliza anachotaka, akakuta jibu liko tayari, kwamba wale aliosoma nao wafundishwe kazi yake. Ombi la pili lilikuwa na kurasa mbili, na lilipopigiwa kura mwenyekiti alimtaka marehemu atoke nje kwa kuwa linamhusu, akatoka shingo upande. Ruzuku ilinunua mikoba na makoti ya mvua, ikamlipa mkufunzi aliyetembea na kila mmoja hadi akayajua mageti, na leo watu kumi na mmoja wanawapelekea mizigo mafundi, wafua nguo na maduka ya dawa ya mji huu.

Kuhusu ndoa, wa kwanza kupewa mkoba alikuwa binti wa mwashi, na tarehe 15 Novemba 2014 wawili hao walikuja wameshikana mikono kutuambia kwamba wanataka kuoana, nasi wakubwa wa pande zote tukatabasamu, tukamimina chai, tukasema tutaangalia, tukaangalia miaka minane tukitumaini watasahau. Hawakusahau.

Moyo ulianza kumsumbua Desemba 2022, akalazwa tarehe 30 Aprili 2023, na muuguzi alipouliza binti wa mwashi ni nani kwa mgonjwa, kwa kuwa walioruhusiwa kuingia ni ndugu wa karibu, dada alijibu, bila kufikiri, kwamba ni mfanyakazi mwenzake, basi binti akabaki koridoni siku zote tisa. Marehemu alifariki Jumanne tarehe 9 Mei 2023, saa nne asubuhi, na binti yule alizipata habari kwa mfagizi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kulala nasi, kamati, na wapeleka mizigo wote.

Juzi dada alimpelekea binti wa mwashi historia hii amsomee, na mahali palipoandikwa kwamba marehemu hakuoa aliomba parudiwe, kisha akauliza, "Mbona mimi simo?" Mwalimu aliyefundisha miaka thelathini na miwili aliona aibu, na bado anaiona, akamuuliza anataka aandikwe wapi, naye akamwonyesha kwa kidole.

Kwa hiyo familia zote mbili zinatamka mbele yenu kwamba marehemu ameacha dada, kaka, wapwa watano, na mke, binti wa mwashi, ambaye ndiye atakayetangulia kuweka udongo, sisi wengine tutafuata.

Pumzika, Mjumbe wetu, kwa amani.