Mama Kavindu na Mafuta Yaliyoitwa ya Wadudu

Ndugu waombolezaji, familia imenipa mimi Musyimi, shemeji ya marehemu, kazi ya kusoma karatasi hii, na kaka yangu Mutiso ameniambia nisiongeze chumvi, lakini kidogo mtanivumilia.

Marehemu Kavindu Mutiso alizaliwa Nuu tarehe 14 Machi 1962, akasoma huko mpaka kidato cha nne mwaka 1980, akasomea kazi ya maabara, na kuanzia Januari 1984 mpaka alipostaafu Machi 2022 alitunza maabara ya shule ya upili huko Ikutha, ambako chupa isiyoandikwa kilicho ndani ilimkasirisha kuliko mwanafunzi mtoro.

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na kaka yangu, fundi wa mawe wa hapa Mukuyuni, wakabarikiwa Ndolo na Yvonne, na miaka yote hiyo kitu kimoja tu kilimkosesha raha, mikono ya mumewe, ambayo simenti iliipasua mpaka akimpapasa mtoto, mtoto analia.

Alipostaafu akaanza kutengeneza mafuta ya ngozi jikoni kwa sababu ya mikono hiyo, akiyatia gundi ambayo bakteria huitoa wakilishwa sukari kiwandani, gundi laini inayoshika maji kwenye ngozi, bakteria wenyewe wakiwa wamekufa zamani, jambo alilolieleza vizuri sana kanisani Julai 2022, ila mkalimani wetu mzee Muthama akawaambia watu kwa Kikamba kwamba ni wadudu. Ala! Wamama wakainua chupa juani, mmoja akaapa ameona mguu, na kufikia Jumatatu soko zima lilisema mafuta ya wadudu. Tulimsihi afute neno bakteria kwenye chupa, akakataa katakata, akasema hajawahi kudanganya juu ya chupa na hataanza uzeeni. Aliyemuumiza zaidi ni kaka yangu, aliyeapa mbele yangu kwamba hatajipaka wadudu, wafu au hai, na shemeji yangu akawa anamwekea chupa moja kando ya chai kila asubuhi.

Februari 2024 figo zilianza kumsumbua, na kusafishwa damu kukamkausha ngozi, ikamwasha mpaka akalia, na kilichomtuliza ni mafuta yake tu, lakini mgongo hakuufikia. Basi kaka yangu, na kiapo chake chote, akayachota kwa vidole viwili kama mtu anayeokota kaa la moto, akampaka, kesho yake akampaka tena, miezi kumi na sita, mpaka asubuhi ya tarehe 9 Juni 2025 alipotuacha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuchotea maji, walimu wa Ikutha aliofanya nao kazi, na mzee Muthama naye, tumemsamehe. Baadaye mtapita kumpa kaka yangu mkono, tafadhali msishtuke, ni laini kama wa mtoto, na siku ile ya mwisho shemeji aliushika, akaugeuzageuza, akacheka.

Pumzika salama, Mama Ndolo, mikono imepona.