Kona ya Mahindi Yasiyonadiwa

Mwinjilisti Ikupa Mbonile anastaafu tarehe 31 Julai 2025, baada ya kuutumikia ushirika wetu hapa Mbozi kwa miaka thelathini na mmoja. Nimeombwa kuandika kwa kuwa nilikuwa mchungaji wake. Naandika nikiwa kitandani, kwa hiyo sitasema mengi.

Alitufikia kutoka milima ya Ileje na baiskeli isiyo na breki. Alifundisha kipaimara, akazika, akapatanisha wanandoa. Aliimba vibaya na kwa sauti kubwa. Kwaya ilimvumilia kwa ajili ya chai yake.

Mwaka ambao mvua ya mawe ilichapa mashamba, Mama Ferista, mjane, aliacha kuja ibadani. Ukutani kwetu imeandikwa ahadi ya Paulo kwa Wafilipi, kwamba Mungu atawajaza wanachohitaji. Ferista alisema ukuta ule unamcheka. Jumapili ya mavuno, Ikupa aliisoma barua kuanzia juu ya mstari huo. Alieleza kwamba Paulo alikuwa kifungoni, na mfungwa wa Kirumi aliishi kwa kuletewa na ndugu zake. Wafilipi, maskini wenyewe, walimtuma Epafrodito na msaada, naye akaugua nusura afe. Ahadi ile waliandikiwa watu waliokwisha kujinyima kwa ajili ya mwenzao. Kisha akaenda penye magunia ya sadaka yaliyosubiri mnada.

"Mahindi ya kona hii hayanadiwi," alisema. "Yanamsubiri Epafrodito."

Ambakisye, mnadi wetu, aliuliza kama dada mwinjilisti anataka tusali tukinyeshewa, maana fedha ya mnada ilikuwa ya bati za paa la kanisa. Ikupa akamtwisha yeye gunia la kwanza, hadi kwa Ferista.

Tangu hapo kila mavuno kona hiyo huachiwa mwenye shida, na sasa mahindi yake huletwa kwangu. Nakiri kabla sijaondoka duniani: nimechoka, hata kuomba kunanichosha. Siku nyingine ahadi ile naiona kuwa rangi tu ukutani, mpaka nisikie pikipiki mlangoni. Nimekuwa nikiogopa kwamba Ikupa akiondoka, kona itarudi mnadani. Paa bado linavuja.

Jumapili iliyopita Ikupa alikaa makusudi benchi la nyuma. Ambakisye alinadi kuku, akanadi maboga, akafika kwenye kona. Nimesimuliwa kwamba alitazama juu, palipovuja.

"Haya hapana," alisema. "Nani ana pikipiki?"

Dada Ikupa, asante. Nenda Ileje ukapumzike, ulime kidogo, uimbe unavyotaka. Maisha yako yawe marefu na yenye amani. Na siku mikono yako itakapochoka kama yangu, mtu akupigie hodi, gunia likiwa begani.