Mdogo Wake Fundi Amekuwa Profesa

Asubuhi ile benchi lililoegemea kibanda cha Fundi Viatu lilijaa mapema. Habari ilikuwa moja tu: kitindamimba wa kwao Fundi amekuwa profesa. Jana Fundi alivaa koti, akaenda chuoni kumsikiliza akitoa mhadhara wake wa kwanza wa cheo hicho, na leo alikuwa anashona soli kimyakimya. Kahawa ikamiminwa, akabanwa aeleze.

— Profesa wa nini hasa? akauliza Kinyozi.

— Ushauri nasaha. Anasikiliza watu wenye majonzi, waliotoka kila pembe ya dunia, na anafundisha wengine kusikiliza.

— Kwani masikio si tunayo wote? akasema Redio, aliyeitwa hivyo kwa sababu hazimiki.

Kinyozi akatoa hoja kwamba wahenga walishasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, kwa hiyo huyo lazima ni daktari wa mifupa. Redio akapinga: watu hao husoma mawazo kwenye paji la uso. Kabla kikombe cha pili hakijapoa, profesa alishakuwa jasusi wa lugha arobaini.

Fundi akaweka sindano chini, akawasimulia.

Miaka kumi na tisa iliyopita, mdogo wake huyo wa kike akiwa bado mwanafunzi, aliletewa mama mkimbizi aliyefiwa na wanawe wawili. Vitabu vilimwagiza akae mbele yake, amtazame machoni, amuulize anajisikiaje. Mama akatazama sakafu, wiki baada ya wiki, hadi ya tano. Msimamizi akaamuru faili lifungwe, mgonjwa hataki msaada. Binti akagoma. Akawafuata wanawake wa jamii ya yule mama, akawauliza kwao mfiwa huongeleshwaje. Wakamjibu kwamba haongeleshwi. Unakaa ubavuni mwake, mnafanya kazi ya mikono, mpaka aanze mwenyewe.

Wiki ya sita akageuza kiti, akaja na nyuzi, wakafuma bila neno. Wiki ya tisa mama akafungua kinywa, akasema tangu saa tatu hadi saa sita mchana.

— Vitabu vyake vyote vimeanzia hapo, akasema Fundi. Jana ukumbi mzima ulisimama. Mimi niliyekuwa namfunga kamba za viatu akienda shule, sikujua hata mikono niiweke wapi.



Mwanamke mmoja aliyekuja kuchukua viatu vya mwanawe, na ambaye alikuwa amesimama pale muda wote, akauliza kwa sauti ndogo:

— Na huyo mama alisema nini?

Wote wakamgeukia Fundi.

— Hata mimi nilimuuliza jana, tukitoka ukumbini, Fundi akasema. Akanishika mkono. Akaniambia, "Kaka, hayo ni yake."