Gaudiosa Kapinga, Aliyekirudisha Kilima cha Baba kwa Setilaiti

Padri, wazee wetu, majirani, na ninyi nyote mliopanda mlima huu wa Maguu leo, tarehe 13 Machi 2025, mimi ni Serafina, mdogo wake marehemu, nasimama kwa niaba ya familia kusoma historia ambayo dada aliiandika mwenyewe akiwa kitandani, nami nimeongeza tu yale ambayo hakuwahi kuyaandika, akaagiza isipunguzwe hata neno moja, akaagiza pia kwamba binamu yetu, Ndugu Joakim Nchimbi, apewe kiti cha mbele, nasi tumempa.

Gaudiosa Aloisi Kapinga alizaliwa hapa Maguu tarehe 9 Aprili 1974, mtoto wa kwanza wa Mzee Aloisi na Mama Ottilia, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia mwaka 1982 hadi 1988, na nyumbani alikua pamoja na Joakim, mtoto wa shangazi yetu Walburga, ambaye baba alimchukua akiwa na miaka sita baada ya shangazi kufariki, wakala sahani moja, wakaugua surua wiki moja, na kila Machi walipanda kilima hiki hiki kutengeneza mashimo ya ngoro, Joakim akifyeka nyasi na kuzipanga miraba, Gaudiosa na mama wakizifunika kwa udongo na kupanda maharage. Tunalisema hili mapema, na kwa sauti, kwa sababu huko mbele tutalihitaji.

Alisoma sekondari Songea kuanzia 1989 hadi 1992, akapata stashahada ya upimaji ardhi Morogoro mwaka 1996, na mwaka 1999 akaenda Nairobi kujifunza kusoma picha za setilaiti, na aliporudi baba alimuuliza kama huko juu wanaiona kahawa yake, naye akajibu kwamba wanaiona vizuri, ila hawajui ni ya nani, jibu ambalo baba hakulipenda hata kidogo. Aliajiriwa mpima ramani Songea mwaka 2000, akahamia Mbinga 2007, na kazi hiyo aliifanya mpaka mwili ulipokataa.

Tarehe 17 Novemba 2001 alifunga ndoa na Mwalimu Steven Komba wa Mbamba Bay, wakajaliwa watoto wawili, Eunice mwaka 2003 na Modest mwaka 2006, na kwa desturi leo tungekuwa huko ziwani kwa mume wake, lakini dada aliomba alazwe kwenye kilima cha baba, na shemeji, kwa moyo ambao hatutausahau, alikubali.

Mwezi Oktoba 2016 ililetwa ramani ya kampuni moja ya mashamba, kampuni ambayo leo hata kibao chake hakipo, ikionyesha kwamba kilima hiki ni pori lisilo na mtu, na ushahidi wake ulikuwa picha ya setilaiti iliyopigwa Septemba. Septemba, enyi watu wa Maguu, wakati kilima kizima ni nyasi kavu na hata mbuzi wanapapita bila kusimama! Mgeni angeweza kukosea hivyo na tungemsamehe, lakini chini ya ramani ile ilikuwepo sahihi ya Joakim Nchimbi, mpima, aliyefyeka nyasi hapa Machi kumi na mbili za maisha yake. Baba aliondolewa Januari 2017, akafariki tarehe 6 Juni mwaka huo huo katika chumba cha kupanga kule Litumbandyosi, akazikwa kwenye ardhi ya kuombwa, na siku ile Gaudiosa hakulia, aliuliza tu namba ya ile ramani.

Dada alifungua kesi, na mbele ya baraza la ardhi Joakim alisema, kwa upole wake tunaoujua, kwamba picha za Machi hazipo kwa sababu Machi ni mawingu matupu, na hapo alisema kweli, maana dada alipekua picha za miaka kumi na moja akaona weupe mtupu. Kilichomponyoka Joakim ni kwamba zipo setilaiti za rada, ambazo mawingu hayazizuii, na dada akazipata picha za rada za Machi 2015 na Machi 2016, akawaeleza wazee wa baraza kwamba ziwa likitulia linaonekana jeusi kwa kuwa ni laini, na udongo uliochimbwa ngoro unang'aa kwa kuwa una mashimo na matuta, na pale katikati ya picha, kwa umbo lile lile la shamba la baba, kilima kilikuwa kinang'aa. Hukumu ilitoka tarehe 14 Novemba 2022, kilima kikarudi, Joakim akasema mitambo nayo hukosea, na radhi hajaomba, hata leo asubuhi alipotushika mikono.

Agosti 2023 dada aligundulika na saratani ya matiti, akatibiwa kwa mwaka mmoja na nusu, akafariki tarehe 10 Machi 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake waliobeba jeneza kutoka barabarani, na kina mama wa jirani ambao kwa ombi lake wamechimba ngoro kilima chote kuzunguka kaburi hili, ili setilaiti itakapopita wiki hii ione kinachopaswa kuonekana.

Limebaki ombi moja. Joakim, wewe ndiye uliyeandika kwamba udongo huu hauna mtu, na dada ameomba wewe uwe wa kwanza kuutupa kaburini, kwa mkono wako, na kabla ya kuutupa useme mbele ya watu hawa ni udongo wa nani. Wengine wote tunawaomba msishike udongo kwanza.

Gaudiosa, dada yangu, pumzika kwa amani nyumbani kwa baba, sisi tuko hapa, tunamsubiri Joakim asimame.