Mi Ndiye Nilisugua Ile Ndege

Bandugu bangu, mbele sijasema kitu, muangalie ile chombo ya maua karibu na mimbari. Kila mara nasikia munaulizana nani aliharibisha rangi yake, ile ndege ya kuchorwa ikabakia nusu. Basi, muache kuulizana. Ni mi.

Chombo ile ni ya zamani sana, ya ku Chine. Bwana yangu alikuwa mupishi wa muzee mumoja Muchina, hapa Kolwezi. Ule muzee, wakati wa kurudia kwabo, akamupatia: "Ni ya bankambo bangu, bazee betu ba zamani. Siku ya shida, uiuzishe." Kisha bwana yangu akagonjwa, akakufa. Familia yake ikabeba mutoto wetu mwanamuke ku Kasaji, juu sikukuwa na chakula ya kumupa. Alinishika kikwembe, kitambaa yangu ya kujifunga, anakatala kuachilia. Nikamuambia: "Mama, nitauzisha chombo, nitakuja kukuchukua."

Nikaenda ku Mutoshi, kwenye banachimba shaba, kusafisha mawe na bamama bengine. Munajua ile kazi: unasugua na muchanga mpaka udongo yote inatoka, rangi ya shaba inaonekana. Mikono yangu haikujua tena kazi ingine.

Tata mumoja mufanyabiashara akaniambia: "Ilete, kuna batu banatafuta bitu bya zamani." Nilifurahi! Asubuhi nikaipeleka ku mutoni, nikaisugua na muchanga sawa jiwe, juu ing'are. Munacheka? Mucheke tu, na mi leo nacheka.

Tata akaizungusha polepole. "Mama, rangi ilienda wapi?"

"Niliisafisha, tata. Ilikuwa chafu."

Akanirudishia chombo. "Banatafuta rangi ile ya zamani, mama. Nakuhurumia, lakini siwezi kukudanganya."

Nikajifungia mu nyumba. Kanisa nikaacha. Kasaji sikuenda. Mwaka ukapita, mwingine ukafuata. Munajua kwetu, muke haingie kwa bakwe mikono mitupu. Ile haya, nabaambia kweli, ilinikula kushinda njaa.

Siku moja mama mumoja wa hapa (sitataja jina, tayari ananikemea na macho) akaingia kwangu bila kubisha. Nikamuelezea yote. Akasema: "Mutoto anangojea chombo, ao anangojea weye?" Bamama bakaniombea nafasi mu kamio, lori ya kwenda Kasaji, juu ya mifuko ya unga. Nikafunga chombo mu kikwembe, nikaenda.

Mama mukwe alinikuta ku mulango. Nikapiga magoti, nikafungua kikwembe. "Mama, niliiharibisha. Sina kitu ingine."

Akaangalia ile nusu ya ndege, akaangalia mikono yangu yenye kupasuka, akaanza kulia. "Mwanangu, shiye tulizani ulitusahau."

Mutoto alikuwa nyuma yake, amekomaa. Akakuja polepole, akagusa ndege na kidole. "Mama, kichwa yake iko wapi?" Kusikia ananiita mama, bandugu, nikamukumbatia palepale.

Nashukuru ule tata hakunidanganya. Nashukuru bamama ba kamio. Nashukuru mama mukwe, iko pale nyuma, alikuja naye kutusalimia. Na weye mwenye uko na mutoto mbali, unangojea kwanza upate kitu ya kumupelekea: enda kesho. Enda vile uko.

Ile chombo niliipatia kanisa wakati nilirudi hapa na mutoto wangu, na yeye ndiye anabadilisha maji ya maua. Kila mara anachora kichwa ya ndege na kalamu. Maji inaifuta, anachora tena.