Ndege wa Miguu Mitatu

Katika basi la mjini, mbele yangu walikaa wanawake wawili wasiojuana: mama mmoja mgeni, na muuguzi aliyekuwa akirudi nyumbani kutoka kazini. Mgeni aliuliza ashuke kituo gani ili aone jumba la maigizo la zamani. Alikuwa amemuuliza mtu anayejua, na asiyejua kunyamaza.

"Jumba la maigizo baadaye, mama. Anza na posta ya zamani! Ina ngazi za chuma zinazozunguka hadi juu kabisa, na ukifika huko unauona mji wote."

"Hapana, mwanangu. Dari ya jumba lile aliichora baba yangu. Alifariki nikiwa mdogo, na sijawahi kuiona."

Muuguzi akashika mdomo. "Ile yenye ndege? Jamani! Utotoni, igizo likituchosha, tulikuwa tunawatazama wao. Ila mama, usinikasirikie. Kuna mmoja ana miguu mitatu."

Yule mama alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Ndiye baba kabisa! Mama alisema alikuwa akichora huku anapiga soga."

Mimi kitabu changu nilikuwa nimeshakifunga zamani.

"Nakupeleka mwenyewe," alisema muuguzi, uchovu wote umemwisha. "Lakini tunaanzia posta."

"Ndege kwanza!"

"Ngazi kwanza, mama!"

Basi likasimama. Waliteremka wameshikana mikono, kila mmoja akimvuta mwenzake upande wake.