Dedan Mbugua Kariuki, Mzee wa "Natoka Kidogo"

Dedan Mbugua Kariuki hakuwa mtu wa kungoja, na hata siku ya kuzaliwa hakungoja. Ilikuwa tarehe 12 Novemba 1961, hapa Kangema, Murang'a. Mama yetu Nyambura alikuwa njiani kwenda zahanati, Dedan akaamua kando ya barabara panatosha. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Kariuki, seremala. Mimi ninayesoma haya ni dada yake Shiku, kitinda mimba. Nimeombwa nisome polepole. Nitajaribu, lakini damu yetu ni moja.

Mwaka 1966 familia ilihamia Nairobi, mtaa wa Shauri Moyo, baba alipopata kazi karibu na Gikomba. Dedan alisoma shule ya msingi hapo mtaani. Hakuwa mzito wa kuelewa, ila kiti kilikuwa kinamwasha. Mwalimu wake wa darasa la tano alichoka kumwambia "Mbugua, kaa chini," akampa kazi ya kugonga kengele ili apate sababu halali ya kuinuka. Waliosoma naye wanasema mwaka huo vipindi vyote vilikuwa vifupi. Aliingia sekondari mwaka 1977 na kuiacha kidato cha pili. Baba alikasirika sana, lakini alipomaliza kugomba aligundua Dedan alishatoka zamani.

Mwaka 1979 alipata kibarua cha kuokota mipira ya tenisi katika klabu moja mjini. Ilimfaa, maana ni kazi ya kukimbia huku na huko mchana kutwa. Hapo fundi mmoja aliyeitwa Mativo alimfundisha kufunga nyuzi za raketi, na mwaka 1986 Dedan akafungua kibanda chake Shauri Moyo. Alifunga raketi za watu wa vilabuni na zile za mitumba kutoka Gikomba. Kazi aliifanya akiwa amesimama. Stuli moja iliyokuwepo ilikuwa ya mteja, na mteja akikaa sana aliulizwa kama hana kwake.

Lydiah Muthoni alikuwa akiuza viatu vya mitumba Gikomba. Siku moja alifungua robota akakuta raketi katikati ya viatu, hajui azipeleke wapi. Dedan alizinunua zote, akarudi kesho yake kuuliza kama kuna zingine. Akarudi tena, na tena. Raketi zilikwisha siku ya kwanza, na Lydiah hakuwa mtoto. Walifunga ndoa kanisani tarehe 14 Agosti 1993, wakajaliwa watoto watatu: Muturi, Jacky na Eve.

Sasa nifike kwenye ule ubishi, kwa sababu kila mtu hapa anaungoja. Dedan alishabikia tenisi ya viwanja vya nyasi. Kwenye nyasi mpira unateleza chini na kwenda mbio, mtu anapiga, mwenzake anakosa, basi, tuendelee. Lydiah alipenda ya viwanja vya udongo. Pale mpira unapunguza mwendo, unaruka juu, unarudi, na unarudi tena, mpaka pointi moja inakaribia kukuivishia chai. Dedan alikuwa akimwambia, "Mama Muturi, hiyo si mechi, hiyo ni foleni." Lydiah naye alikuwa akimjibu, "Kwenye nyasi unaona mpira tu. Kwenye udongo unaona mtu. Unamwona akichoka, unamwona akikataa kuchoka. Hapo ndipo roho inadunda."

Lydiah alikuwa na ombi moja tu katika ndoa hiyo, na alilirudia kila mwaka ikifika Mei, msimu wa udongo: Baba Muturi akae kando yake, watazame mechi moja ya udongo toka mwanzo hadi mwisho. Haikuwezekana. Seti ya kwanza haijaisha angesema, "Natoka kidogo," na huyo, ameshafika Soko la Burma kwa rafiki yake Kim, mwenye duka la nyama lenye televisheni. Akirudi angeuliza mlangoni, "Bado wanapiga tu?" Ilimuuma Lydiah. Alicheka, lakini ilimuuma. Aliniambia mwenyewe kwamba pengine mume wake aliona anachokipenda yeye ni upuuzi.

Mwaka jana, mwezi wa Septemba, miguu ya Dedan ilianza kuvimba. Daktari alisema ni moyo, akamwamuru apumzike. Kwa Dedan hiyo ndiyo ilikuwa adhabu. Alizunguka nyumba kwa macho, akipanga upya vitu asivyoweza kuvifikia, akituuliza mlango ule kwa nini umefungwa. Tulichoka naye, na bado hatukutaka atutoke.

Jumamosi tarehe 9 Mei 2026, mchana, kulikuwa na mechi ya udongo. Lydiah aliwasha televisheni, Dedan akaketi kando yake. Seti ya kwanza ikaisha, yupo. Ya pili ikaisha, yupo. Ya tatu ikaanza. Lydiah anasema hakuthubutu hata kumtazama, asije akamkumbusha kuinuka. Halafu akamsikia akisema, "Mama Muturi, natoka kidogo." Naye, macho kwenye mchezo, akajibu, "Ngoja kwanza pointi hii iishe." Ilikuwa ndefu. Ilipoisha akageuka, akamkuta Dedan bado ameketi. Tangu waoane alikuwa hajawahi kusema anatoka na asiinuke.

Lydiah hajui nani alishinda mechi hiyo na hataki kuambiwa. Tafadhali tuheshimu hilo.

Kuna jambo moja ambalo familia haikulijua. Jumanne jioni, kwenye mkutano wa matanga pale Shauri Moyo, Kim alisimama. Alisema miaka hiyo yote Dedan alipofika Burma, kitu cha kwanza kilikuwa, "Wekeni ile ya udongo." Watu wa mpira wa miguu wakinung'unika, aliwaambia, "Nyinyi mnaona mpira tu. Mimi hapa naona mtu. Mwoneni anavyokataa kuchoka." Kim alidhani ni maneno ya Dedan mwenyewe. Lydiah alijifunika uso na leso. Baadaye akaniambia, "Kumbe alikuwa ananisikia."

Ameacha mjane wake Lydiah, watoto wake Muturi, Jacky na Eve, mjukuu mmoja ambaye naye hakaliki, mimi dada yake, Kim, na stuli moja kibandani.

Leo, Alhamisi tarehe 14 Mei 2026, tumemleta kwenye udongo, na Lydiah ameketi hapa kando yake. Kaka yangu apumzike kwa amani. Na safari hii asiinuke mpaka aitwe.